Picha ya Kutazamwa kwa Mbali

"Picha yangu mimi?" fundi picha aliuliza mara ya pili, maana masikio yake hayakuzoea habari njema.

"Yako, fundi." Mjane wa nyumba ya kona alimwonyesha simu. Uso aliokuwa ameutoa kwenye tangazo la studio ulitoshana na ukucha. "Ikuze iwe kubwa kama mlango. Ionekane kwa mbali. Na iweze kuvumilia jua na mvua."

Jua na mvua! Fundi alimeza mate. Katika ukapera wake wote hakuna mwanamke aliyewahi kumwomba hata picha ya pasipoti.

Akajificha nyuma ya utaalamu. "Hii ni ndogo mno, dada yangu. Picha ni kama chai: ukiongeza maji birika litajaa, lakini chai yenyewe iko wapi? Nikiivuta hii, uso utageuka vigae vya bafuni. Lazima nipige upya."

"Piga. Ila usicheke, tafadhali. Kaza macho vilevile unavyotukazia kila siku."

Kumbe yupo aliyeyaona macho yake!

Mjane alipoondoka, fundi alivaa koti analowaazima maharusi, akaiweka kamera kwenye ubora wa juu kabisa, akajipiga mpaka betri ikakata roho. Kisha akaketi kwenye kompyuta kupanga ukubwa.

Alijua fika kwamba picha ya kutazamwa kwa mbali haihitaji nukta nyingi. Mia kwa inchi zingetosha na kubaki. Ndivyo alivyowahubiria wateja miaka nenda miaka rudi. Lakini nani kasema mjane hatasogea karibu? Akaweka mia tatu.

Kompyuta ikakoroma, ikaganda. Akaizima, akaiwasha, akaibembeleza kama mtoto mwenye homa. Turubai lilipotoka mashineni, ungeweza kuhesabu nyusi unywele kwa unywele. Akampelekea mjane yeye mwenyewe, akakataa malipo katakata, akakimbia kabla sauti haijamsaliti.

Wiki iliyofuata alijimwagia manukato nusu chupa, akaenda kubisha hodi.

Sebuleni aliangaza ukuta huu, akaangaza ule. Patupu. "Basi iko chumbani," moyo ulimnong'oneza, na masikio yakamwaka moto.

"Umeitundika wapi?" aliuliza.

"Njoo uone." Mjane akamshika mkono. Fundi aliufuata mkono ule kama mtu anayeota. Wakashika ukumbi, wakaufikia mlango wa chumba, wakaupita, wakatokea uani.

Pale, juu ya paa la banda la kuku, fundi alijiona amelazwa chali na koti lake, amekodolea macho mbingu. Chini yake vifaranga walichakura kwa raha zao.

"Mungu akubariki, kaka," mjane alisema. "Tangu tukuweke, mwewe hajathubutu kutua."