Nyekundu ya Profesa Asiamah

Doa lilikuwa kwenye kiti cha msichana. Kwa macho ya kawaida usingeliona, lakini Profesa Asiamah alipolimulika kwa taa ya zambarau liliwaka jekundu.

"Ptuu! Tazama, Madam. Mpaka anapokalia!"

Madam Memunatu, mkuu wa kitivo, aliinama akatazama.

Doa jingine lilikuwa ukingoni mwa meza ya Abrafi, msichana mwenyewe, jingine kwenye mpini wa droo yake. Kote huko ulikuwa umepakwa unga wa Asiamah, unga aliouhangaikia nusu ya umri wake: punje ndogo kuliko vumbi, zinazong'ang'ania seli za saratani na kuwaka nyekundu, ili daktari ajue pa kukata na pa kuacha. Kumasi nzima ilimjua kwa unga huo. Leo ulikuwa umetapakaa kwenye meza ya mwanafunzi kama makombo ya karamu.

Maabara ile ilikuwa na sheria yake: kila mtu na rangi yake. Abrafi alitengeneza punje za kijani, za kunasa zebaki katika mito inayochimbwa dhahabu. Wengine walikuwa na samawati, wengine njano. Nyekundu ilikuwa ya Prof peke yake, na ufunguo wa kabati lake alilala nao. Ukiona rangi mahali pasipo pake, ujue kuna mchafu au kuna mwizi.

"Huyu ni vyote viwili," alisema Asiamah. "Juzi nimemkuta anakula donge la kenkey kwenye korido, pilipili ya shito inamchuruzika mpaka kiwikoni. Nusura nitapike. Na mimi ndiye niliyemlea, Madam! Alikuja hapa hajui hata kushika mrija. Nimesimama nyuma yake kama baba, nikamwelekeza. Asante ya punda hii!"

"Na ombi lake la kuhama kwako?"

"Si ndiyo hayo? Mwizi akishaiba hutafuta mlango."

Ombi lenyewe lilikuwa mezani kwa Memunatu, fupi, bila sababu. Kikao cha nidhamu kilikuwa kinamsubiri yeye aseme neno moja tu. Akisema wizi umethibitika, Abrafi angefukuzwa na kurudi kwao Obuasi mikono mitupu, na hakuna chuo kingine ambacho kingempokea.

Asiamah alikuwa mtu wa usafi, na watu wa usafi wana mzigo wao, maana huona uchafu wa kila mtu. Alichukia vikombe vyenye alama za midomo, alichukia nywele sinkini, na aliwalazimisha wanafunzi kuvaa glavu hata za kufungulia mlango. Yeye mwenyewe hakuvaa. Alisema yeye na unga wake ni mtu na mkewe, na mtu hamshiki mkewe kwa glavu. Wanafunzi wa kiume walicheka kila aliposema hivyo.

Abrafi aliitwa. Aliingia na koti la maabara limefungwa vifungo mpaka shingoni, akaamkia, akasimama karibu na mlango.

"Sogea hapa. Unaogopa nini?" Asiamah alimtazama kama mtu anavyotazama funza kwenye nyama. "Vua koti."

"Hapa, Prof?"

"Hapa hapa! Ulitaka uchumbiwe kwanza?"

Memunatu aliinua macho. Abrafi alifungua vifungo kimoja kimoja, akalining'iniza koti kwenye msumari. Alikuwa na blauzi nyeupe yenye makunyanzi na sketi ya rangi ya maziwa.

"Mwanangu," Memunatu alisema, "nguo hizi si ndizo nilizokuona nazo jana?"

"Ndizo, Madam. Sijazifua."

"Kwa nini?"

"Nilisikia leo kuna kumulikwa. Nikaona nije vilevile nilivyotoka humu jana."

"Hata aibu hana!" Asiamah aliziba pua. "Mtoto wa kike, siku mbili na jasho lake! Madam, unanisikia ninaposema ni mchafu?"

"Nakusikia, Prof. Zima taa tuone."

Giza liliingia. Asiamah aliwasha taa ya zambarau, na blauzi ikang'aa samawati, kama nguo yoyote iliyowahi kupita kwenye sabuni ya unga. Alianza na mikono. Viganja vilikuwa safi. Akamulika kucha, moja moja. Kwenye mkono wa blauzi palikuwa na vumbi kidogo la kijani, na hilo lilikuwa lake mwenyewe. Akaamuru mifuko itolewe nje, nayo ikaning'inia mitupu.

"Hakuna kitu, Prof," alisema Memunatu.

"Kipo. Ameficha."

Asiamah aliwaka hasira. Alijiona anachezewa, tena na kisichana kinachonuka jasho, mbele ya mkuu wa kitivo. Kuwa naye karibu namna ile kulimtia kinyaa. Alitaka mambo yaishe, msichana atoke, meza ipigwe spiriti na kiti kitupwe.

"Nasema kipo! Sifanyi kazi na unga huu nisijue unavyokwenda. Geuka!"

Abrafi hakusogea.

"Prof, una uhakika?"

"Geuka, nimekwambia! Madam aone kwa macho yake."

Abrafi alikusanya misuko yake, akaivutia mbele ya bega, akageuka taratibu.

Kiunoni mwake viliwaka vidole vyekundu, vinne upande huu na vinne upande ule, vinene, na vidole gumba viwili vimekutana kwenye uti wa mgongo. Chini yake, kwenye sketi, kulikuwa na kiganja kizima.