Maji ya Kukodi

Bassam alisimama katikati ya bwawa, maji yamemfika kifuani, akatumbukiza kipimajoto cha kupimia homa za watoto. Akakisoma, akakikung'uta, akakitumbukiza tena. Mwanamume mzima, meneja wa benki pale Ibra, Omani, anayapima maji homa.

"Kimeshindwa kusoma!" alimpigia kelele mkewe. "Baridi kama ya mtungini, wallahi! Na nje huko ndege wanaanguka kwa joto."

Mkewe, Manar, alikuwa amekaa ukingoni na abaya yake, miguu majini, simu mkononi. Tangu majira ya baridi walikuwa wakija kila Ijumaa kwenye istiraha hii nje ya Nizwa, nyumba ya kukodi yenye ukuta mrefu, banda la kivuli na bwawa. Hajar, binamu yake Bassam, ndiye aliyewaonyesha. Walisema wanafanya utafiti, wajue kama bwawa la nyumbani lina faida katika nchi ya joto. Watu hununua tikitimaji kwa kuligonga mara moja. Hawa wamegonga tangu baridi mpaka kiangazi. Na utafiti wenyewe ulianza siku jirani yao alipochimba bwawa lake, Manar akakosa usingizi.

Bi Tamima, mama yake Bassam, alikaa chini ya mlimau. Mlinzi alimwekea kiti hapo kabla hajakiomba. Manar alifurahi kuona kwamba bado wapo watu wanaoheshimu wazee, maana yeye kazi hiyo ilikwishamchosha.

"Bwawa nyumbani ni upuuzi," alisema Bi Tamima. "Mwezi wa sita maji yanageuka supu. Bila mashine ya kupoza utajichemsha mwenyewe, na ukiwa nayo inakula umeme kuliko nyumba nzima. Upepo ukivuma, vumbi lote limo ndani. Dawa ikizidi, macho yanawasha. Ikipungua, maji yanaota ukoga."

"Haya umeyajulia wapi, Mama?" aliuliza Manar.

"Kwenye taazia. Watu huzungumza."

Mume na mke walitazamana wakacheka. Taazia ndiyo ilikuwa kazi ya Bi Tamima. Kila wiki alimwomba Hajar amfikishe Nizwa kutoa pole kwenye misiba. "Huko Nizwa watakwisha," Manar alizoea kusema. Hata zile bangili nene za dhahabu, alizorithi kwa mama yake Unguja, siku hizi hazikuonekana mkononi. Manar aliamini kwamba bibi kazigawa kwa wafiwa.

Bassam alitoka majini, akalitungika taulo lake kwenye nguzo ya banda, gogo la mtende mkavu, akarudi kujitumbukiza.

"Mimi kinachoniudhi ni kumlipa mtu," alisema. "Kila Ijumaa tunamtajirisha mtu tusiyemjua. Mtu gani asiye na haya, anakodisha maji ya kuogea?"

"Hana haya hata kidogo," aliafiki Bi Tamima. "Au masikini ana watoto wasiomtazama."

"Shauri yake."

Akaogelea mpaka ukingoni, karibu na kiti cha mama yake, akalainisha sauti kama afanyavyo kwa wateja.

"Sikiliza, Mama. Lile shamba lako huku Nizwa, uliloachiwa na babu. Mfereji wa falaji umekauka, mitende imekufa imesimama. Unaliwekea nini? Tuliuze, tuchimbe bwawa letu, khalas."

Shamba lenyewe Bassam alipelekwa mara moja tu utotoni, akalala garini. Hajalikanyaga tangu hapo, ila bei yake anaijua.

"Ndicho kitu pekee chenye jina langu, Bassam."

"Una sisi, Mama."

Bi Tamima alimtazama pale majini. Alikuwa mama yake, na bado alitamani kumtia kichwa majini.

"Hukuona haja ya kwenda kulitazama, hata mara moja?"

"Nikatazame nini? Magogo?"

"Na wewe Mama utakaa ukingoni na sisi," alidakia Manar. "Tutakuwekea kivuli. Huna haja ya kwenda na kurudi kwenye misiba ya watu na miguu yako hiyo."

"Na nikikataa kuuza?"

"Basi umewanyima wajukuu zako kwa sababu ya magogo," alisema Bassam. Wajukuu wenyewe walikuwa wakirukia majini kwa vishindo, wala hawakuwa na habari ya kunyimwa kitu. "Tena mnunuzi nishampata. Mtu wa Sur, fedha anayo mkononi. Nimemwahidi kesho ataliona."

"Umemwahidi, kabla ya kuniuliza?"

"Ndiyo nakuuliza sasa. Ila itabidi wewe ndiye utuonyeshe. Mimi hata njia siijui."

Bi Tamima ilimuuma, naye hakuficha. Aliinuka, akaikung'uta shela yake.

"Sami," alimwita mlinzi, "zima mashine ya kupoza maji. Muda wa wageni umekwisha." Mlinzi akaenda kuizima mara moja.

Manar aliinua uso kutoka kwenye simu. Bassam alikuwa bado majini, kipimajoto mkononi.

"Huyo mtu wako wa Sur," alisema Bi Tamima, "shamba atalionea hapa hapa. Mwambie aje na taulo."