Picha Iwe ya Hivi Karibuni

Papa pasta Ezéchiel alikunja kila CV mpaka ikabaki picha tu, halafu akazipanga nyuso mezani kama karata.

Kanisa lake la Bellevue, lililokuwa gereji zamani, lilitafuta sekretari anayejua kompyuta, Kiingereza na Kifaransa. Na picha, iwe ya hivi karibuni. Hilo la picha alilihubiri kuliko fungu la kumi.

Mama Agnès, shemasi mjane aliyetunza funguo, alimwambia kwamba hapa Johannesburg mtu anapeleka kazi alizofanya, hapeleki sura. Pasta akacheka. Kwetu Kongo, akasema, CV bila picha ni maiti bila jina.

"Basi tuwaite na wanaume," akasema Mama Agnès. "Nao wana nyuso."



Pasta akaanza kuchambua. Huyu ana pua ya bondia. Huyu kazeeka, ana miaka thelathini. Mama mmoja aliyeshika ofisi ya duka Kensington kwa miaka mingi alitupwa kwa sababu ya kilemba. Waliobaki aliwapeleka dirishani penye mwanga, akawageuza huku na huku kama anayenunua nyanya. Mwisho akagonga uso mmoja kwa kidole.

"Huyu katumwa na Mungu."

Jumatatu akaja mwenye uso ule, Masika, sketi ndefu, mikono imetulia. Mama Agnès alishaona wasichana wawili wakitoka ofisi ile wanalia, akamnong'oneza arudi kwao. Masika akamshukuru, akaingia. Mama Agnès akasukuma kiti mlangoni, mlango usifungike.

Pasta hakuuliza habari za kompyuta. Alimpangusa begani vumbi lisilokuwepo, akashusha sauti, akaeleza upweke wake. Vita vilimwachia makaburi mawili kule Butembo, kubwa la mke, dogo la mtoto wao wa pekee. Tangu hapo anaomba Bwana amletee wa kumfuta machozi, na sasa, kwa kweli, anaona ameletewa.

Masika alimsikiliza mpaka mwisho, bila kupepesa.

"Na wewe, mrembo, una wazazi?"

"Mama yuko Butembo, anauza chumvi. Pete yako hajaivua," Masika akasema. "Mimi ndilo lile kaburi dogo."