Maji ya Kupimia

Mita ya Fundi ilisoma wati mia mbili kwenye amplifaya ya gari ya Shemeji, na Shemeji akasema mita ni mbovu.

"Imechoka hiyo, shemeji yangu. Wewe nigongee muhuri wa ukaguzi tu, gari la matangazo linanisubiri nje."

Fundi hakubishana. Huyu alikuwa mume wa dada yake, na kwa mdomo hajawahi kushindwa na mtu. Alichomoa spika kwenye ile amplifaya, akaunganisha rezista nene, ile inayogeuza umeme kuwa joto, mahali pake, akaizamisha kwenye beseni dogo la maji.

"Lebo yako inasema wati elfu mbili. Kama ni kweli, baada ya dakika kumi maji haya yatanyonyoa kuku."

Wakangoja. Shemeji alilikodolea macho beseni kama mtu anayesubiri chai.

Dakika kumi zilipotimia, Fundi akazima umeme. "Haya, tia kidole."

"Niungue?"

"Si mita ndiyo mbovu?"

Shemeji akafumba jicho moja, akakichovya. Akafumbua jicho, kidole bado kimo. Yalikuwa maji ya kuogeshea mtoto mchanga.

"Basi na mimi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema haraka. "Nilinunua hivi hivi. Lebo ya kiwandani kabisa hii, tazama mwenyewe!"

Akakipitisha kidole kile kile kilicholowa juu ya tarakimu, moja baada ya nyingine.

Alipokiinua, sifuri ya mwisho ilikuwa imehamia kwenye ncha ya kidole chake.