Picha ya Mtoto wa Salha

Tangu mashine zianze kubuni picha za watu wasiokuwepo, na picha za simu zikakoma kuaminiwa, mtoto hakuandikishwa jina mpaka apigwe picha ya filamu, na mpiga picha aliyeidhinishwa atie sahihi kuwa amemwona kwa macho yake.

Mjini Korogwe kazi hiyo ilikuwa ya Bi Mwanaidi. Kwa miaka mitatu macho yake yalikuwa yameingia ukungu, naye hakumwambia mtu. Alipima umbali kwa uzi wenye mafundo, kutoka kwenye lenzi hadi puani, kisha akaupapasa uso wa mtoto ili ajue jua la dirishani limeangukia wapi. Watoto walitulia mikononi mwake. Watu walisema hakuna picha zenye upole kama zake.

Siku moja bintiye, Salha, alimleta mwanawe wa kwanza.

"Mama, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Amefanana na nani?"

Bi Mwanaidi alipapasa. "Pua ya marehemu babako. Maskini mtoto!"

Salha alicheka, kisha akauliza taratibu, "Na hili doa jekundu shavuni, litatoka?"

"Litatoka, mwanangu. Hata wewe ulikuwa nalo."

"Mama, hana doa."

Bi Mwanaidi aliuweka uzi mezani. "Nikikiri, watoto wote niliowatilia sahihi miaka hii mitatu watafutwa majina."

Salha alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Tia sahihi, Mama," alisema.

Kisha akafungua mlango, akawaambia akina mama waliokuwa kwenye foleni kwamba kuanzia leo atakuwa akimsaidia mama yake kazi.