Kambare Mtoro

Kambare alikuwa sakafuni, karibu na mlango, akijisukuma kwa mapezi huku sharubu zikitetemeka.

"Ungefunika pipa, dada. Huyo mtoro," mwenzake wa zamu alimwambia mwendesha pampu, akikoroga chai.

Dada hakucheka. Pipani mlikuwa na maji ya mto, yaleyale waliyokuwa wakiyasukuma kwenda mabombani, mji mzima. Zamani walifuga perege humo: perege akifa, pampu inazimwa. Kiwanda cha ngozi kilipofunguliwa upande wa juu wa mto, perege wakawa hawamalizi wiki, na bosi akachoshwa na malalamiko ya maji kukatika.

"Wekeni kambare," aliamuru. "Huyo hafi ovyo."

Na kweli, hakuwahi kufa.

Mwendesha pampu alimnyanyua kwa mikono miwili, akamrudisha pipani. Kabla hajajifuta ute viganjani, samaki aliruka tena, akaanguka chini pu, akaanza upya kujiburuta kuelekea mlangoni.

Pampu iliendelea kunguruma, kama ilivyonguruma tangu alfajiri.

"Kaka," alisema taratibu, "hiyo chai umechemshia maji gani?"

Mwenzake alimeza funda kwanza, ndipo akaelekeza kidole kwenye bomba.