Hodi ya Mwewe

Yalimkuta Kwale, mama mwenye adabu kuliko wote porini. Kila alipotoa makinda wake uani, Mwewe alikuwa juu, ametulia hewani, anawatazama. Kwale akaenda kushtaki kwa Kakakuona, hakimu aliyeshika sheria neno kwa neno.

“Ananichungulia nyumbani kwangu, mheshimiwa.”

“Angani hakuna mlango,” Mwewe akajitetea.

Basi Kakakuona akatunga sheria: anayetoka juu apige hodi kwanza, na asipokaribishwa aondoke zake. Kwale akarudi kifua mbele, akawaachia makinda waote jua.

Kesho yake, akiwa ameinama anaparua mchwa, alisikia sauti ya upole.

“Hodi, mama.”

“Karibu,” Kwale akaitikia, hata kabla ya kuinua kichwa.

Alipokiinua, ua ulikuwa mtupu.

Alikwenda kwa hakimu analia. Kakakuona akamuuliza, “Alipiga hodi?”

“Alipiga.”

“Ukamjibuje?”

“Nilisema karibu.”

Kesi ikaishia hapo.

Njiani akasikia hodi ile ile juu ya ua wa jirani yake, Kanga. Alikimbia akipiga kelele asiitikie. Lakini Kanga naye alilelewa vizuri.